St. Petersburg kwa siku mbili: nianzie wapi?

Wa Nakuru: Hamjambo wenzangu. Mwezi Juni nitakuwa St. Petersburg Jumatatu na Jumanne tu. Nianzie wapi? Na kadi ya Visa ya benki ya huku itafanya kazi?

Jamaa wa Kisumu: Kadi sahau, ndugu. Tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za nje hazikubali Urusi. Beba dola, noti safi zisizo na mikunjo wala maandishi, ubadilishe benki. Hermitage, makumbusho makubwa ya sanaa, hufungwa Jumatatu, iweke Jumanne. Jumatatu panda juu ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaka: vidato 262, unaona mji mzima.

Dada wa Kakamega: Au Jumatatu nenda Peterhof, makazi ya zamani ya wafalme wa Urusi nje ya mji. Jumba kuu hufungwa siku hiyo, ila chemchemi za bustani ya chini hurusha maji. Hazina pampu hata moja. Maji huteremka yenyewe kutoka mabwawa yaliyo juu. Mimi ningechagua hapo.

Jamaa wa Kisumu: Sawa kabisa. Usiku angalia madaraja ya mto Neva, huinuliwa meli zipite. Ukiachwa ng'ambo isiyo ya hoteli yako, huenda ukasubiri hadi karibu saa kumi na moja alfajiri.