Mdakaji gani aliyeiba besi nyingi zaidi kwa msimu mmoja?

Swali
Wakuu, nikifuatilia takwimu za besiboli ya Marekani nakuta mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira) Buck Ewing ana besi 53 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila mwenzako kupiga mpira) mwaka 1888, lakini kila mahali rekodi ya wadakaji inatajwa kuwa ya John Wathan, 36. Hesabu ipi ni sahihi?

Jibu
Zote sahihi, mkuu, ila hazipimwi kwa kipimo kimoja. Kabla ya 1898 mkimbiaji aliyejiongezea besi kwenye pigo la mwenzake aliandikiwa kuwa ameiba. Kwa maana ya leo, anayeongoza ni Wathan wa Kansas City Royals, mwaka 1982. Aliivunja rekodi ya Ray Schalk wa Chicago White Sox, besi 30 mwaka 1916. Angalia pia mechi alizodaka mtu: Roger Bresnahan ana 34 mwaka 1903, lakini mwaka ule alicheza zaidi uwanja wa nje.

Jibu
Mimi nisingeishia kwenye jumla. Kutolewa ukiiba (kuguswa na mpira kabla hujafika besi) kunaigharimu timu karibu mara mbili ya faida ya besi moja, au hata zaidi. Ukifaulu chini ya asilimia 70 hivi, bora ungebaki ulipo. Wathan aliiba 36 akatolewa mara 9, yaani asilimia 80. Iván Rodríguez mwaka 1999 aliiba 25, akatolewa 12: asilimia 68, hasara kidogo. J.T. Realmuto wa Phillies mwaka 2022 aliiba 21 akatolewa mara moja tu! Kwangu huo ndio msimu bora kuliko yote, tena alipiga na hom-rani (mapigo ya kutoa mpira nje ya uwanja) 22.

Jibu
Naongezea namna wanavyoweza bila mbio za ajabu. Mrushaji hutumia kama sekunde 1.3 kufikisha mpira kwa mdakaji, naye mdakaji sekunde 2 kuufikisha besi ya pili. Jumla 3.3. Besi hadi besi ni mita 27.4, na ukishasogea mita 3.5 kutoka besi ya kwanza zinabaki 24 hivi za kukimbia ndani ya muda huo. Unayemwibia hasa ni mrushaji. Mdakaji ndiye anayemwashiria mrushaji wake aina ya mpira wa kurusha kila siku, kwa hiyo anahisi lini utakuja mpira wa kupinda, ambao ni wa polepole na mara nyingi hudundia chini. Kosa kubwa ni kuondoka mapema mbele ya mrushaji wa mkono wa kushoto: anakutazama uso kwa uso na anaweza kurusha kwako.

Kinachowamaliza wadakaji ni magoti, kwa kuchuchumaa zaidi ya mara mia kila mechi. Ndiyo maana timu ya Astros ilimhamishia Craig Biggio kulinda besi ya pili mwaka 1992, ingawa aliiba 21 akiwa mdakaji mwaka 1989. Mwaka 1998 akaiba 50.