Mrejesho: zile katlesi zangu zilizokuwa zinapasuka kwa mafuta

Wadau nimerudi. Niliuliza mbona katlesi zangu (zile za viazi vya kuponda na nyama ya kusaga ndani) zikiingia kwa karai zinafunguka na nyama yote inatoka, mkanijibu wengi, asanteni sana jameni.

Yule dada aliyesema shida ni maji ndiye alinipatia dawa. Viazi vyangu ni aina ya Shangi, si mnajua hapa Nairobi ndivyo vimejaa sokoni, vinaiva haraka na kupasuka vikanywa maji, kwa hivyo nikachemsha na maganda, nikamenya vikiwa bado moto (vidole viliniteta), nikarudisha sufuria kwa moto mdogo mpaka mvuke ukaisha ndio nikaponda. Nyama ya kusaga nayo nikakausha kabisa na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, ikapoa, dhania na ndimu nikatia mwisho. Nikafinyanga, zikakaa kwa friji kiasi zikashika, nikachovya kwa yai na kukaanga chache chache kwa mafuta moto kabisa. Hakuna iliyopasuka!

Ule ushauri mwingine mlionipa wa kuongeza unga wa ngano kwa viazi nilijaribu kidogo tu pembeni, zilishikana kweli lakini zikawa nzito kama mandazi ya jana, hapana.

Chenga za mkate za kupaka juu ya yai ndio bado zinanishinda, zinadondoka ndani ya mafuta zinaungua na zile za mwisho zinatoka na madoa meusi. Kwa sasa nimebaki na yai peke yake, na mkipenda chenga basi chujeni mafuta katikati ya kukaanga.