Waajiri mnaotukata lisaa la mapumziko ya mchana halafu mnatufanyisha kazi humo humo: huu ni wizi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia nimechoka, leo naandika. Nafanya kazi duka la jumla la vipuri vya magari, Gerezani, Kariakoo, kaunta na stoo. Mkataba unasema saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na lisaa limoja la mapumziko kuanzia saa saba mchana. Hilo lisaa lipo kwenye karatasi tu, dukani halipo.

Saa saba mama ntilie anapita na hoti poti zake, unachukua wali maharage, unaweka sahani chini ya kaunta katikati ya maboksi ya brekipedi. Kijiko cha kwanza hakijafika mdomoni, fundi kaingia anataka shokapu za Noah. Unapanda ngazi stoo, unashusha, unafuta vumbi, unaandika risiti. Simu inaita, bosi anauliza mzigo wa Mwanza umefungwa au bado. Ukimaliza hapo wateja wengine wameshasimama wanagonga kaunta kwa sarafu. Ukirudi kwenye sahani, wali umekauka, maharage yameota utando, nzi wanatembea juu yake, na mikono yako ina grisi mpaka kwenye kucha. Unakula wima, unameza bila kutafuna. Ikifika saa nane unaambiwa muda wa chakula umekwisha. Chakula kipi?

Sasa tuongee sheria, maana kila ukilalamika unaambiwa "kazi za Kariakoo ndivyo zilivyo". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23: mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaruhusiwa kukufanyisha kazi ndani ya muda huo pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mfanyakazi mwingine wa kuifanya. Kuuza shokapu kunaingia wapi hapo, wakati tupo wanne dukani?

Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kulipia muda wa mapumziko, isipokuwa amekutaka ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi. Soma tena hapo kwenye kuwepo tayari. Sio lazima uwe umebeba boksi. Ukiambiwa "kula, lakini usitoke, mteja anaweza kuja", hayo sio mapumziko, upo kazini na unastahili malipo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Saa mbili na nusu mpaka kumi na moja ni saa 8 na nusu. Wanatoa lisaa la chakula, zinabaki 7 na nusu. Mara siku 6 ni saa 45 kamili, ukomo wa kisheria wa saa za kawaida kwa wiki. Kwenye karatasi hawana kosa. Lakini lisaa lile tunalifanyia kazi, kwa hiyo tunafanya saa 51. Saa 6 za ziada kila wiki, 24 kwa wiki nne, na ovataimu kisheria inalipwa mara moja na nusu. Hapo ni mshahara wa saa 36 kwa kila wiki nne unaobaki mfukoni mwa tajiri, kwa kila mmoja wetu. Halafu siku ukichelewa kidogo kwa foleni ya daladala, unakatwa!

Msiniambie habari ya "mbona chakula mnanunuliwa". Sahani ya elfu mbili hainunui lisaa langu. Lisaa hilo nina mambo nalo. Mwenzetu mmoja anaswali Dhuhuri mbio mbio nyuma ya matairi kwa sababu kwenda msikitini anaitwa mtoro. Dada wa keshia ana mtoto mchanga. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 33, inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na hata dakika kumi za kukamua maziwa anaziomba kama msaada. Inauma sana kumwona.

Mimi siku tajiri akisafiri natoka. Nakula nimekaa, nimenawa, kisha natembea mpaka Mnazi Mmoja, nakaa kivulini, nampigia mwanangu aliyerudi shule, namuuliza amekula nini. Nikirudi saa nane akili imetulia, hesabu za mchana hazinikosei. Mabosi wangeona tofauti hiyo kama wangetaka kuona.

Na suluhisho halina gharama. Tupo wanne: wawili watoke saa sita na nusu, anayeswali aiwahi Dhuhuri, wawili watoke saa saba na nusu. Kaunta haibaki tupu hata dakika moja. Nilimpelekea msimamizi pendekezo hilo kwa adabu zote, akanijibu nikipenda kupumzika nikapumzike nyumbani moja kwa moja.

Na nyie wafanyakazi wenzangu mnaojipendekeza, mnaotafuna huku mnapokea simu ili bosi awaone mnachapa kazi, mnatuumiza wote. Mmoja akitoka kula anaonekana mvivu kwa sababu yenu. Tokeni nje. Acheni simu ya ofisi ofisini.

Ninachoomba humu ndani ni watu waliowahi kupeleka jambo hili CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) wakiwa bado wapo kazini. Najua mgogoro usiohusu kufukuzwa unatakiwa ufike ndani ya siku 60, na fomu ya kuanzia naijua. Nataka kujua ushahidi mliotumia. Sisi hatusaini daftari la kutoka na kuingia mchana, ila risiti zote za mashine zina muda, na za kati ya saa saba na saa nane zina majina yetu. Nimeanza kuzipiga picha. Zitatosha, au tukamwone Afisa Kazi kwanza?