Kidato cha tatu Masasi: maswali ya vitabu vya Kiingereza yanamshinda

Mzazi_Masasi: Habari wakuu. Mwanangu sarufi ya Kiingereza anaimudu, ila upande wa fasihi alama ni za kuokoteza, ilhali kitabu anakisimulia mwanzo hadi mwisho. Wanatakiwa kuandika nini hasa?

Mwl_Newala: Mzazi, shida ni huko kusimulia. Msahihishaji anatafuta hoja. Swali likitaka ajadili nafasi ya mwanamke kwa tamthilia mbili, utaratibu uliozoeleka ni hoja tatu kutoka kila kitabu, kila hoja na aya yake. Aya ianze na hoja, ifuate nani kafanya nini, imalizie na sentensi inayojibu swali. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, aya ikabaki hadithi.

Chukua tamthilia ya Three Suitors: One Husband ya Oyono Mbia. Wengi huandika kwamba Juliette anaozwa kwa pesa, basi. Aonyeshe kuwa mposaji mmoja, Ndi, katoa faranga 100,000, mwingine, mtumishi wa serikali, katoa 200,000, binti hakuulizwa. Hiyo ni hoja ya mwanamke kufanywa bidhaa. Kisha Juliette anazichukua zile 300,000 ili mpenzi wake Oko azitumie kulipa mahari. Hapo pana hoja ya pili, mwanamke anayejikomboa kwa akili yake. Aya mbili hizo, asizichanganye.

Dada_Lindi: Shikamoo mwalimu. Naongezea mashairi, maana watoto huyakimbia wakati ni mafupi. Asome kwa sauti, ajiulize nani anasema, anamwambia nani, ana hali gani. Akitaja tamathali (lugha ya picha, kama tashibiha) aseme inafanya kazi gani pale. Kuitaja tu hakumpi kitu.

Nachingwea_Lugha: Na sarufi isilale. "Yeye" yetu haibagui jinsia, kwa hiyo Sidi, yule binti wa tamthilia ya The Lion and the Jewel, anaanza aya akiwa "she" anamaliza akiwa "he". Abakize dakika tano za kukagua hilo tu. Notisi za kununua mtaani msizitegemee, mara nyingi majina ya wahusika yamekosewa. Na kwa kuwa mtaala unabadilika, orodha ya vitabu aichukue kwa mwalimu wake kabla hujatoa hela.

Mzazi_Masasi: Asanteni sana. Tamthilia anayo moja tu, itatosha?

Mwl_Newala: Marahaba dada. Mzazi, haitoshi. Swali la vitabu viwili akilijibu kwa kimoja, nusu ya hoja hana. Atafute mwenzake mwenye kingine wabadilishane, na kila mmoja aandike wahusika na matukio yao daftarini kabla ya kurudisha.