Maji ya mwaloni kwetu tunataka kuyapima wenyewe, tuanze na nini?

Mtoto wa Mwaloni
Mwangaluka wakuu. Niko Ilemela, Mwanza, upande wa Ziwa Victoria, bomba kwetu linakuja kwa siku zake na likikata wote tunarudi ziwani au kwenye kisima kimoja cha pampu kilichopo chini ya mlima. Sasa mwezi uliopita watoto wa nyumba kama nne waliharisha karibu wiki nzima, basi kila mtu na lake, huyu kisima, huyu ziwa lilikuwa kijani, bibi mmoja akasema ni maembe tu hayo. Tukaenda ofisi moja tukaambiwa leteni ushahidi. Ushahidi gani? Kimya. Tumejikusanya watu tisa, wamama watano, wavuvi wawili, mimi na fundi pikipiki mmoja, hela tuliyochanga haifiki hata robo ya mashine. Kuna kitu cha maana watu wa kawaida wanaweza kupima au tunapoteza muda? Na tukipima nani atatusikiliza?

Tone la Pili
Mkuu mashine achaneni nayo kwanza. Nimefanya kazi maabara ya maji miaka kadhaa, mashine nimeziona zinakufa kabatini betri imeisha.

Kwa kisima tafuteni zile chupa ndogo zenye karatasi ya dawa ndani, kipimo cha H2S, yaani ile gesi inayonuka kama yai viza ambayo bakteria wa kinyesi huitoa, Wahindi walikitoa 1982. Unajaza maji mpaka alama, unafunga, unaweka kabatini. Ndani ya siku moja au mbili yakigeuka meusi kama kahawa basi uwezekano ni mkubwa kinyesi kimefika humo. Angalizo, visima vingine vina salfa yake ya asili chupa inakuwa nyeusi bure, kwa hiyo ikitokea msipige kelele, rudieni, halafu ndio mpeleke sampuli maabara ya Wizara ya Maji ipo hapa hapa Mwanza. Kiwango kwa maji ya kunywa ni E. coli, bakteria wa kinyesi, sifuri kwenye mililita 100, hakuna cha "kidogo si mbaya". Na ile chupa nyeusi usiimwage hovyo, tia jiki kwanza, humo umefuga wadudu.

Kingine angalieni juu ya kisima. Milima yetu ni mwamba, choo cha shimo kikichimbwa juu ya mwamba hakuna udongo wa kuchuja, mvua ikipiga kila kitu kinateremka kwenye nyufa. Kwa hiyo pimeni kabla ya mvua na siku mbili tatu baada ya mvua. Hapo ndipo utaona kisima kinasema ukweli.

Bibi Dagaa
Mwanangu huo ukijani usiuchukulie poa. Maji yakiwa kama mtu kamwaga rangi ya mlango na yananuka uvundo, hiyo sio uchafu wa kawaida ni sayanobakteria, bakteria wa kijani wanaozaliana majini, na aina zingine zinatoa sumu. Wengi tunadhani tukichemsha yameisha. Kuchemsha kunaua bakteria lakini ile sumu haitoki, ukichemsha seli zinapasuka inamwagika zaidi kwenye sufuria. Siku hiyo msiteke ufukweni kabisa, upepo unausukuma wote kona moja, kama hamna jinsi chukueni mtumbwi mkateke mbali kwenye maji meupe. Wamama watano hao wanatosha, kila asubuhi mmoja anaandika maji yana rangi gani, upepo unatoka wapi, kuna samaki wamekufa au hakuna. Simu wote mnazo, pigeni picha mkiwa mmesimama jiwe lile lile.

Mzee wa Kona
Mimi nawavunja moyo kidogo. Huku kwetu ulikuja mradi, tukapewa vishikwambi na fulana, tukapima miezi nane, mradi ukaisha vishikwambi vikaondoka na data zikaondoka navyo. Mpaka leo sijui zile namba zilisema nini. Fulana ninayo, nadekia.

Tone la Pili
Mzee ndio maana nasema daftari. Counter book moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala picha kwenye grupu. Na sio kweli kwamba namba za wananchi hazina kazi, Sierra Leone na Zambia vipimo vya wananchi vimetumika hadi kwenye kiashiria cha Umoja wa Mataifa cha ubora wa maji, 6.3.2. Siri yao sio vifaa. Ni sehemu ile ile, saa ile ile, njia ile ile. Leo umepima asubuhi kesho jioni baada ya watu kufua, hiyo ni hadithi sio data.

Mkishakuwa na miezi mitatu minne nendeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, makao yake si yapo Mwanza, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumiaji maji, mnaingia kama jumuiya sio kama watu wenye hasira.

Kwa ziwa tengenezeni sahani ya Secchi, ya kupima maji yanaonyesha mpaka kina gani, padri wa Italia aliianzisha 1865. Kata duara la sentimita 20 kwenye ndoo kuukuu, gawa robo nne paka nyeusi na nyeupe, funga nati nzito chini, kamba iwe na fundo kila sentimita 10. Mchana jua likiwa juu, upande wa mtumbwi wenye kivuli, shusha mpaka ipotee, andika, vuta mpaka ionekane, andika, chukua katikati. Ikianza kupotea karibu na juu kuliko wiki iliyopita, maji yamechafuka, kuna kitu.

Mtoto wa Mwaloni
Dah asanteni sana, mama Dagaa shikamoo. Lile la kuchemsha nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani, mke wangu kanyamaza kabisa maana ndio tulivyokuwa tunafanya. Fundi pikipiki keshakata duara tayari, nati katoa kwenye ekseli ya bajaji. Swali dogo tu, kamba ya katani tuliyonayo ikilowa inavutika, mafundo si yatadanganya?

Bibi Dagaa
Marahaba. Chukua kamba ya nyavu, ya nailoni. Iloweke usiku kucha kwanza, ndio ufunge mafundo.