Tovuti ya bendi yetu tuweke nini?

Wakuu, bendi yetu ya dansi hapa Tanga ina tovuti yenye picha moja tu: watu tisa, suti za kuazima, mpiga besi kafumba macho. Juzi promota kauliza nyimbo ziko wapi. Aibu!

— Kaka, anza na nyimbo mbili zinazofunguka hata kwa bando dogo, ratiba ya maonyesho, na namba ya kuwakodi. Picha ipigwe jukwaani, jasho lionekane.

— Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 2007 waliuza albamu kwenye tovuti yao, kila mnunuzi akajipangia bei. Mei 2016 wakaififisha tovuti hiyo mpaka ikabaki nyeupe, mashabiki wakahaha. Wiki moja baadaye, albamu mpya.

— Mkuu, yetu ikibaki nyeupe watajua hatujalipia.