Ada imefutwa, lakini kila msimu wa tumbaku darasa langu linapungua: tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Darasa la Sita (Urambo)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali wilayani Urambo, mkoani Tabora, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa. Kila mwaka mambo hujirudia. Shule zikifunguliwa Januari, watoto huja na sare zao na wiki mbili za mwanzo darasa hujaa. Majani ya kwanza ya tumbaku yakianza kuiva, mahudhurio nayo huanza kushuka, na ikifika Machi huita majina kumi na saba au kumi na nane bila kuitikiwa, katika darasa la wanafunzi hamsini na watatu. Wengine hurudi Mei, soko likishafunguliwa. Wengine hawarudi kabisa.

Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya hesabu nikakuta la mvulana mmoja limejaa alama za vidole za rangi ya kahawia, zenye kunata, hata kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Ulikuwa utomvu wa tumbaku. Nilipomwuliza alisema kwamba alikuwa akichuma majani tangu alfajiri, kisha akakimbilia shule akiwa na mikono ile ile, kwa sababu utomvu huo hautoki kwa maji matupu. Alikuwa amepata hesabu nane katika kumi. Wiki iliyofuata hakuja tena.

Swali langu ni hili. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 Serikali ilitangaza elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ikiwa ada haipo tena, ni nini kinachowatoa watoto hawa darasani? Je, ni umaskini, ni tamaa ya wazazi, au ni sisi walimu tulioshindwa kuwashika? Tena nina mashaka juu ya wajibu wangu mwenyewe. Nikiripoti kwa mtendaji wa kijiji, mzazi anaweza kufikishwa mahakamani, na sijui mtoto atabaki na nani. Nisiporipoti, nanyamazia jambo ninalojua kuwa ni kosa.

Mtoto wa Kibarua (Mwanza)

Mwalimu, shikamoo. Niliposoma habari za lile daftari nililazimika kuweka simu chini kwa muda, kwa sababu nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo.

Tulitoka Kasulu, mkoani Kigoma, nikiwa na miaka tisa, tukapandia treni Uvinza, baba, mama na watoto wanne, tukashuka Kaliua mwezi wa Septemba. Jambo ambalo watu wa mbali hawalifahamu ni jinsi kibarua wa tumbaku anavyolipwa. Baba hakulipwa kwa siku wala kwa mwezi. Alipatana na tajiri, yaani mwenye shamba, bei ya msimu mzima kwa eka atakazozihudumia, kuanzia kitalu hadi kupanga majani makavu kwa madaraja ya ubora, na fedha ilitolewa mara moja tu, tumbaku ikishauzwa. Katikati ya msimu tulipewa mahindi na chumvi, navyo viliandikwa ili vije kukatwa. Kwa mapatano hayo aliyeajiriwa ni mtu mmoja, lakini eka nne za tumbaku hazihudumiwi na mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kunitamkia kwamba mimi ni mfanyakazi. Hesabu ndiyo iliyonitamkia: baba akichukua eka mbili, tutakula lakini tutarudi kwetu mikono mitupu, akichukua nne, sharti watoto waingie shambani.

Kilichonitoa shuleni hasa ni bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto. Majani yakishafungwa kwenye fito na kupangwa ndani, moto huwashwa, nao haupaswi kuzimika wala kupanda ghafla kwa siku tano hadi saba, usiku na mchana. Zamu yangu na kaka yangu ilianza usiku wa manane ikaishia alfajiri, tukisukumiza magogo tanurini na kuchungulia joto, kwa sababu likizidi majani yanaharibika, na hasara yote inahesabiwa juu ya baba. Mtoto aliyekesha hivyo akifika darasani hulala juu ya dawati. Nilichapwa mara tatu kwa uvivu. Siku ambayo ingekuwa ya nne sikwenda.

Umeuliza kuhusu tamaa. Baba yangu hakuwa na tamaa yoyote. Kitu pekee alichojinunulia katika misimu minne ni redio moja ndogo. Msimu wa tano aliniacha Kasulu kwa shangazi ili nisome, na pale walipokuwa wanaagana nami alinigeuzia mgongo nisimwone machozi. Leo mimi ni fundi umeme. Kaka yangu, ambaye hakuachwa kwa mtu, hajui kusoma.

Mama Neema (Kaliua)

Mwanangu mwalimu, nimeona nami niseme, kwa kuwa mimi ndiye huyo anayeitwa tajiri. Nina eka tatu. Mbolea na pembejeo nyingine nazipata kwa mkopo kupitia chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, bei ya kilo inapangwa kwa dola mahali ambapo sikai, na mzigo wangu ukishapimwa mkopo unakatwa kwanza ndipo nakabidhiwa kinachobaki. Mnaposema nimlipe kibarua kila mwezi, niambieni nimlipe kwa fedha ipi mwezi wa Februari, wakati hata mimi naishi kwa kukopa unga.

Tena naomba tusichanganye mambo. Binti yangu anachota maji, anapalilia mahindi jioni, anapika siku nikiumwa, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba namtumikisha. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asiyejua jembe katika nchi yetu hii hajalelewa.

Hata hivyo kuna jambo nililojifunza kwa uchungu. Miaka sita iliyopita binti huyo alikuwa na miaka kumi, tukawa tunachuma asubuhi baada ya mvua, majani yamelowa, na gauni lake limelowa nayo. Kufika saa nne alianza kutapika, akashika kichwa, akawa anayumba kama mlevi. Nilidhani ni malaria, nikampeleka zahanati, kipimo hakikuonyesha kitu. Ikarudi tena wiki iliyofuata, ikarudi tena. Bibi mmoja jirani ndiye aliyeniambia, mwanangu, huyu amelewa tumbaku, mtoe shambani. Tangu siku hiyo kwangu mtoto hachumi, awe wangu au wa kibarua. Nachuma kwa kuchelewa, na hasara naiona, lakini nimekubali.

Nikujibu pia kuhusu shule. Jirani yangu aliuza mbuzi wote ili kijana wake amalize kidato cha nne. Kijana alipata sifuri, akarudi, na sasa anachochea bani pamoja na wasiosoma. Wazazi wanamwona kila siku wapitapo. Usipolitazama hilo, mwalimu, utaendelea kutuona sisi ni watu wa tamaa.

Afisa Ustawi Mstaafu (Tabora Mjini)

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka ishirini na sita, na nashukuru kwamba waliotangulia wamesema mambo ambayo taarifa zetu za ofisini hazikuyasema.

Nianze na yule binti wa Mama Neema. Bibi jirani alisema kweli. Nikotini iliyomo katika jani bichi hupita kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande au maji ya mvua, na huleta kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kizunguzungu. Mtoto huathirika zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Hapa ndipo penye mpaka kati ya malezi na utumikishwaji, nao si mpaka wa Kizungu kama wengine wanavyodhani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma, lakini kazi ya hatari imekatazwa kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kuchota maji na kupalilia jioni ni malezi. Kuchuma jani lililolowa na kukesha bani ni kosa, hata kama mtoto ana miaka 17 na hata kama bani ni ya baba yake.

Wala jambo hili si la Urambo peke yake. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto wapatao milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wakiwa katika utumikishwaji, yaani zaidi ya robo ya watoto wote wa umri huo, na walio wengi mno walikuwa kwenye kilimo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 182, unaohusu aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, mwaka 2001. Sheria, kwa hiyo, hatujaikosa.

Kuhusu mahakama, mwalimu, nitakueleza kwa uwazi. Katika utumishi wangu nilifikisha mahakamani wazazi wawili kwa sababu ya utoro wa watoto wao, na mara zote mbili nilijuta, kwa kuwa mtoto aliacha shule moja kwa moja akaenda kutafuta fedha ya faini. Mwenye kumdhuru mtoto kwa ukatili ashtakiwe bila kusita. Lakini mzazi aliyenaswa katika mapatano kama yale ya baba wa Kasulu anahitaji mapatano yabadilike. Palipofanikiwa katika eneo langu, tulikaa na chama cha msingi mwezi wa Agosti, kabla vibarua hawajafika, wakulima wakakubaliana kwamba hakuna atakayempa mtu mmoja eka zaidi ya zile anazoziweza yeye na mkewe, na kwamba mapatano yaandikwe mbele ya mtendaji pamoja na majina na umri wa watoto. Hatukufanikiwa kwa wote. Wakulima wakubwa walikubali mkutanoni, wakaendelea kama kawaida shambani.

Lipo pengo jingine ambalo lilinisumbua hadi nastaafu. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali, huzipa kaya maskini ruzuku kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule, nami niliona ruzuku hiyo ikiwarudisha watoto darasani. Lakini kaya huorodheshwa kupitia mkutano wa kijiji inapoishi. Familia iliyofika Septemba na itakayoondoka Juni haikuwamo kwenye orodha za vijiji vyangu, na kwao ilikotoka ilionekana haipo.

Mwalimu wa Darasa la Sita (Urambo)

Nawashukuru nyote, na wewe Mama Neema nakuomba radhi kwa neno tamaa.

Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mvulana, kilomita kama sita kutoka shuleni. Nilimkuta baba yake amekaa mlangoni mwa bani. Alinipa kigoda, akaniambia kwa upole kwamba yeye hakumkataza mtoto shule, ila bani mbili zinawaka kwa pamoja na wao wenye nguvu ni watatu tu. Amechukua eka nne na nusu. Nilimwuliza kwa nini asingechukua chache, akanijibu kwamba msimu uliopita alimaliza akiwa na deni la mahindi, na deni hilo lilihamia msimu huu. Mvulana alikuwa amelala ndani kwa ajili ya zamu ya usiku, na lile daftari la hesabu lilikuwa limechomekwa kwenye fito za ukuta, juu kabisa, mahali ambapo wadogo zake hawafiki.

Sikuripoti, ila nimefanya mawili. Nimemwomba mwalimu mkuu watoto wa vibarua wapokewe hata bila barua ya uhamisho, kisha barua tuifuatilie wenyewe, naye amekubali. Pia nimepata nafasi katika mkutano wa chama cha msingi wa mwezi wa Agosti, na nitakwenda na rejista yangu ya mahudhurio ya miaka saba, ili wakulima waone wenyewe miezi inavyofuatana. Afisa, kama bado unayo nakala ya yale mapatano mliyoyaandika, naomba unitumie. Wewe kijana wa Kasulu, baba wa mvulana huyu anatoka Kibondo, na nilipomsimulia habari zako aliniuliza kama ufundi umeme unasomewa wapi.